Bessie Coleman, rubani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Arusha na Moshi

Kila tunapoweka picha ya Bessie Coleman mbele ya wanafunzi, iwe darasani Moshi au ukumbini Arusha, mikono inayonyooshwa huuliza karibu mambo yale yale. Wazazi wakija kuchukua watoto nao huongeza yao. Tumeyakusanya hapa, tukianza na ya mwanzo kabisa na kumalizia na yale ya mtu aliyekwisha kusoma habari zake na bado ana jambo linalomtatiza. Jibu likigusa jingine, tumetaja namba ya swali ili tusirudie.

Wengi humkumbuka Bessie kwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kupata leseni ya urubani. Sisi tunaamini habari yake kubwa iko kwenye shule ya urubani aliyoitafuta mpaka siku ya kufa. Mwenye muda mfupi aanzie swali la 13.

## Ya msingi

1. Bessie Coleman ni nani?

Ni Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1892 na kufariki mwaka 1926. Tarehe 15 Juni 1921, akiwa Ufaransa, alipata leseni ya urubani ya shirikisho la kimataifa la anga, FAI. Hakuna mwanamke mweusi wa Marekani aliyewahi kupata leseni kabla yake, wala mwanamke mwenye damu ya wenyeji wa asili wa nchi ile. Alikuwa na asili zote mbili: baba yake alikuwa na damu ya Wacherokee.

Alirusha ndege katika maonyesho ya hadhara kuanzia Septemba 1922 hadi Aprili 1926. Magazeti yalimpa jina la Malkia Bess.

2. Ndiye mwanamke wa kwanza duniani kurusha ndege?

Hapana. Mwanamke wa kwanza kupata leseni ya urubani ni Mfaransa Raymonde de Laroche, tarehe 8 Machi 1910, na leseni yake ilikuwa namba 36. Marekani alifuata Harriet Quimby mwaka 1911.

3. Na Amelia Earhart? Shuleni tulifundishwa huyo.

Earhart alipata leseni yake ya FAI mwaka 1923, miaka miwili baada ya Bessie. Akavuka bahari ya Atlantiki peke yake mwaka 1932, na mwaka 1937 akapotea juu ya Pasifiki akijaribu kuizunguka dunia. Ni rubani mkubwa, na anastahili sifa zake. Ila mwalimu anayemtaja Earhart na kumwacha Bessie anawanyima wanafunzi wetu habari ya msichana aliyetoka shambani, aliyekosa ada, na aliyefungiwa milango kwa rangi yake. Hiyo ndiyo habari ambayo mtoto wa Majengo au Ngarenaro anaielewa bila kuelezwa mara mbili.

## Alikotoka

4. Familia yake ilikuwa ya namna gani?

Alizaliwa tarehe 26 Januari 1892 katika mji mdogo wa Atlanta, jimbo la Texas, tofauti na Atlanta ile kubwa ya Georgia. Alikuwa wa kumi kati ya watoto kumi na watatu. Wazazi wake, George na Susan, walilima mashamba ya watu kwa makubaliano ya kugawana mavuno. Bessie akiwa mdogo sana, familia ilihamia Waxahachie, nchi ya pamba.

Msimu wa kuchuma ukifika, shule ya watoto weusi ilifungwa na wote wakaenda shambani. Wenzetu wa Shinyanga na Simiyu wanaujua msimu huo, na wazee wa Kibosho na Machame watakumbuka jinsi kahawa ilivyokuwa ikila siku za shule.

Mwaka 1901 baba alichoka na ubaguzi wa Texas, akaenda Oklahoma ambako mwenye damu kama yake alikuwa na haki kidogo zaidi. Mama hakutaka kuhama. Alibaki na watoto, akafanya kazi za ndani kwa Wazungu, na Bessie akawa mlezi wa wadogo zake. Kwa kuwa alikuwa hodari wa hesabu, yeye ndiye aliyetunza mahesabu ya nyumba.

5. Alisoma mpaka wapi?

Alitembea kilomita sita hivi kwenda shule ya chumba kimoja, na alimaliza madarasa yote yaliyokuwepo. Akafua nguo za watu, akaweka akiba, na mwaka 1910 akajiunga na chuo cha watu weusi kilichoko Langston, Oklahoma. Muhula mmoja tu, fedha zikaisha. Akarudi Waxahachie kwenye beseni la kufulia.

6. Ni kweli alikuwa anatengeneza kucha?

Kweli kabisa. Swali hili hulipata sana kutoka kwa akina dada wa saluni, na tunaona jinsi nyuso zao zinavyobadilika wakisikia jibu.

Mwaka 1915, akiwa na miaka 23, Bessie aliwafuata kaka zake Chicago. Alijifunza kutengeneza kucha na akapata kazi kwenye kinyozi cha wanaume, upande wa kusini wa jiji, mtaa wa watu weusi. Hapo palikuwa pahali pa habari. Waliokuja kunyolewa walikuwa wafanyabiashara, wanasiasa na askari waliorudi kutoka vita vya kwanza vya dunia, na yeye alikaa ameshika mikono yao akisikiliza. Ndipo alipozoeana na watu ambao baadaye walimsaidia (swali la 8).

Kaka zake wawili, Walter na John, walikuwa wamepigana Ufaransa. Siku moja John aliingia pale kinyozi akaanza kumtania dada yake mbele ya wateja: wanawake wa Ufaransa wanarusha ndege, wewe huwezi. Bessie alilichukua neno hilo kwa uzito wote. Kuanzia hapo habari yake ikawa ndege.

## Ufaransa

7. Kwa nini aende mbali hivyo? Marekani hakukuwa na shule?

Shule zilikuwepo. Hazikumpokea, kwa kuwa ni mweusi na kwa kuwa ni mwanamke. Wala hakupata rubani mweusi wa kumfundisha nchini kwake. Aliyempa njia ni Robert S. Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender lililosomwa na watu weusi Marekani nzima. Alimwambia ajifunze Kifaransa aende Ufaransa, ambako urubani ulikuwa umeendelea na mlango haukufungwa kwa rangi. Bessie akajiandikisha darasa la Kifaransa hapo hapo Chicago, huku akiendelea na kazi.

8. Fedha alizipata wapi?

Tunalijibu kwa urefu kwa sababu wazazi hulirudia kuliko swali lolote.

Chanzo cha kwanza kilikuwa mshahara wake mwenyewe. Aliacha kucha akachukua kazi ya kusimamia mgahawa mdogo kwa sababu ulilipa zaidi. Chanzo cha pili kilikuwa akiba aliyoilinda miaka yote ya Chicago. Cha tatu kilikuwa watu wenye uwezo waliomwamini, Abbott wa gazeti na Jesse Binga, mwenye benki. Abbott pia alikuwa na faida yake: msichana mweusi anayekwenda kusomea urubani ni habari inayouza gazeti. Hatuoni ubaya wowote hapo. Msaada wake ulikuwa wa kweli, na Bessie alijua namna ya kumfanya mfadhili naye apate kitu.

Tunaomba wazazi waangalie mpangilio. Kazi ilitangulia, lugha ikafuata, kisha akiba, halafu wafadhili. Alipokwenda kuomba, tayari alikuwa na Kifaransa kinywani na fedha zake mkononi. Tarehe 20 Novemba 1920 alipanda meli New York.

9. Mafunzo yalikuwaje?

Shule ilikuwa ya ndugu wawili wa ukoo wa Caudron, mahali panapoitwa Le Crotoy, kaskazini mwa Ufaransa, pale mto Somme unapomwaga maji baharini. Ndege ilikuwa Nieuport 82, ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, iliyoundwa kwa mbao, waya na kitambaa. Ilikuwa na viti viwili, mwalimu mbele na mwanafunzi nyuma.

Hebu mtazame akiwa amekaa kiti cha nyuma. Hakuna kioo cha kumkinga na upepo wala saa za kumwonyesha kila kitu. Mbele ya magoti kuna mti wa kuongozea, mnene kama mchi. Ukiusukuma, pua ya ndege inashuka, na ukiuvuta inapanda. Chini ya miguu kuna kipande cha mti cha kugeuza mkia. Injini inapiga kelele kiasi kwamba mwalimu hawezi kusikika, kwa hiyo mwanafunzi huangalia mti wake unavyosogea wenyewe mwalimu anapouongoza wa mbele, na kujifunza kwa mikono. Kabla ya kuruka ilibidi akague kitambaa, waya na injini, maana kitu chochote kilichotatuka chini kingemuua juu.

Na watu walikufa. Bessie alishuhudia mwanafunzi mwenzake akianguka na kufa. Baadaye alikiri kuwa jambo lile lilimshtua vibaya, lakini hakuacha masomo. Ukihesabu kutoka siku aliyopanda meli mpaka siku ya leseni, haikufika miezi saba.

10. Kama alishapata leseni, kwa nini alirudi Ulaya tena?

Kwa sababu leseni haikumpa chakula. Septemba 1921 alitua New York akapokewa na waandishi wa habari, lakini mashirika ya ndege za abiria kama tunayoyajua leo hayakuwepo ya kumwajiri. Rubani wa kiraia alikula kwa kufanya maonyesho, yaani kupindua ndege hewani, kupiga mbizi kuelekea ardhini na kuinyanyua dakika ya mwisho. Le Crotoy walimfundisha msingi tu. Februari 1922 akavuka tena bahari. Alifanya mazoezi zaidi Ufaransa, akafika Uholanzi akakutana na Anthony Fokker, mtengenezaji mashuhuri wa ndege, kisha akaenda Ujerumani. Agosti mwaka huo alirudi akiwa tayari.

## Maonyesho na shule

11. Onyesho lake la kwanza lilifanyika wapi?

Curtiss Field, Long Island, karibu na New York, tarehe 3 Septemba 1922, kwa heshima ya askari weusi wa kikosi cha 369 waliopigana Ufaransa. Wiki chache baadaye akaruka Chicago, nyumbani, na angani akachora namba 8 kukienzi kikosi cha Nane cha Illinois, cha watu weusi. Baada ya hapo alizunguka miji mingi.

Februari 1923, huko California, ndege aliyokuwa ameinunua kwa tabu ilizimika muda mfupi baada ya kuruka. Ilianguka naye, akavunjika mguu na mbavu. Kutoka hospitali alituma ujumbe kwa watu wake: akipona tu, anaruka tena. Ilimchukua muda mrefu kurudi angani, lakini alirudi. Tarehe 19 Juni 1925, siku ambayo watu weusi wa Texas husherehekea kuachwa huru utumwani, alikuwa juu ya Houston.

12. Kisa cha lango la Waxahachie ni cha kweli?

Ni cha kweli, na kinafaa kuelezwa sawasawa, maana wengi hukipamba. Katika onyesho la mji aliokulia, waandaaji walipanga Wazungu waingie kwa lango lao na weusi kwa lango lao. Bessie akasema haruki mpaka wote wapite lango moja. Wakakubali. Ndani, hata hivyo, watu walikaa kwa kutengwa vile vile, na aliruka.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu alituuliza kwa nini hakukataa na hilo pia. Ni swali la haki. Tunavyoona sisi, aliokuwa tayari kuwafanya wasubiri ni waandaaji, na watu wake waliotembea kuja kumwona hakutaka warudi bila kumwona. Alipata kile alichoweza kupata siku ile.

Tabia hiyo hiyo ilionekana kwenye filamu. Mwaka 1922 alikubali kuigiza, kisha akaambiwa tukio la kwanza aonekane amevaa matambara, fimbo mkononi na furushi mgongoni. Akaondoka. Alihitaji sana fedha wakati huo, lakini hakukubali kuwadhalilisha watu weusi kwenye skrini.

13. Hiyo shule ya urubani ilikuwa mpango wa kweli au maneno ya magazetini?

Ilikuwa kweli, na mambo mengi aliyoyafanya baada ya 1922 yanaeleweka ukiyatazama kwa jicho hilo. Maonyesho yalikuwa njia ya kupata fedha na kuwaonyesha watu weusi kuwa inawezekana. Mihadhara aliyotoa makanisani, shuleni na kwenye kumbi za sinema, akionyesha vipande vya filamu za safari zake za anga, nayo ilikuwa kwa ajili hiyo. Alishajua ilivyo kuvuka bahari kutafuta mwalimu, na hakutaka wa baada yake wavuke.

Angalia alivyoishi Florida, mwaka wake wa mwisho. Huko Orlando alikaa kwa mchungaji mmoja na mkewe, watu waliomlea kama binti yao, na akafungua saluni ili kuongeza fedha za shule. Rubani aliyekwisha kuonekana na maelfu ya watu akarudi kushika vichwa vya wateja. Wapo wanaoliona hilo kuwa kushuka. Sisi tunaliona kuwa mtaji: alijua kazi moja ya mikono inayolipa kila siku, akaitumia kulisha ndoto ambayo haikuwa inalipa bado.

Hakuijenga shule hiyo. Tazama swali la 17 uone nani waliijenga.

## Kifo chake

14. Alikufaje?

Tarehe 30 Aprili 1926, Jacksonville, Florida. Kesho yake kulikuwa na onyesho la watu weusi wa mji huo, na Bessie alipanga kuruka kwa mwavuli kutoka ndegeni. Kabla ya hapo alihitaji kuuona uwanja kutoka juu ili achague mahali pa kuangukia.

Ndege ilikuwa Curtiss JN-4 kuukuu, mabaki ya vita, aliyoinunua Dallas. Malipo ya mwisho alisaidiwa na kijana wa familia iliyotajirika kwa kutengeneza jojo. Fundi wake, William Wills, mwenye umri wa miaka 24, aliirusha kutoka Texas mpaka Florida, na njiani ililazimika kutua kwa hitilafu. Waliomjali Bessie walimsihi asiipande.

Asubuhi hiyo Wills alirusha akiwa kiti cha mbele. Bessie alikaa nyuma bila kufunga mkanda, kwa kuwa alikuwa mfupi na alihitaji kujiinua aone chini ya ukingo. Dakika chache baadaye ndege ilipiga mbizi ghafla, ikajipindua, na Bessie akatupwa nje. Alikufa papo hapo alipofika ardhini. Wills hakuweza kuirudisha, ikaanguka naye akafa, na mabaki yakashika moto. Katika mabaki hayo ilikutwa spana iliyokuwa imekwama kwenye gia za kuongozea ndege.

Alikuwa na miaka 34.

15. Kama angefunga mkanda angepona?

Tusijidanganye. Wills alibaki ndani ya ndege na hakupona. Funzo la kiufundi liko kwenye spana. Mafundi wa ndege hadi leo huhesabu vifaa vyao kabla na baada ya kazi, na ndege hairuhusiwi kuondoka kama kimoja hakionekani. Mwanafunzi akitembelea karakana ya ndege pale Kisongo, uwanja wa Arusha, au KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, aombe kuonyeshwa ubao wa vifaa, ule ambao kila kifaa kimechorewa umbo lake ili pengo lionekane mara moja. Ataelewa haraka kuliko tukimweleza sisi.

16. Alizikwa wapi?

Ibada zilifanyika Jacksonville, Orlando na mwisho Chicago, ambako inakadiriwa watu 10,000 walijitokeza. Aliyeongoza shughuli huko ni Ida B. Wells, mwandishi wa habari aliyepigana miaka mingi dhidi ya mauaji ya watu weusi. Alizikwa katika makaburi ya Lincoln, nje kidogo ya Chicago.

## Baada yake

17. Shule ilikuja kujengwa?

Ilijengwa, na zaidi ya moja. Mwaka 1929 William J. Powell, mwanajeshi wa zamani na mhandisi, alianzisha Los Angeles klabu ya urubani aliyoiita kwa jina la Bessie, iliyofundisha watu weusi, wanaume kwa wanawake. Chicago, mafundi wawili, Cornelius Coffey na John C. Robinson, walianzisha chama cha marubani weusi. Kuanzia mwaka 1931 marubani wa jiji hilo walipita juu ya kaburi la Bessie kila mwaka na kudondosha maua.

Coffey baadaye alianzisha shule pamoja na Willa Brown, ambaye mwaka 1938 alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kupata leseni ya urubani ndani ya Marekani kwenyewe. Baadhi ya waliopita kwenye shule yao walikwenda kuwa marubani wa Tuskegee, wale marubani weusi wa jeshi la Marekani katika vita vya pili vya dunia. Kumbuka kwamba miaka 17 kabla ya leseni ya Willa Brown, Bessie alilazimika kuitafuta ya kwake ng'ambo.

18. Bessie aliwahi kufika Afrika?

Hakufika. Lakini John Robinson, yule wa swali la 17, alifika. Mwaka 1935, Italia ilipokuwa inajiandaa kuivamia Ethiopia, alikwenda Addis Ababa na akaongoza kikosi cha anga cha Mfalme Haile Selassie, kikosi chenye ndege chache na kuukuu. Baada ya Waitaliano kufukuzwa alirudi kufundisha marubani wa Kiethiopia, na alifia huko huko mwaka 1954.

Wanafunzi wetu wanaziona ndege za Ethiopia zikitua KIA. Tunapenda kuwaambia kwamba baadhi ya Waethiopia wa mwanzo kushika usukani walifundishwa na mtu ambaye chama chake kilidondosha maua kwenye kaburi la Bessie Coleman.

19. Na mwanamke wa kwanza Mwafrika kupata leseni ni nani?

Ni Lotfia El Nadi wa Misri, mwaka 1933. Baba yake hakuafiki, kwa hiyo alifanya kazi za ukatibu na kupokea simu katika chuo cha urubani ili alipie masomo. Msomaji wa swali la 8 atamtambua mara moja.

Karibu na kwetu, Beryl Markham, Mwingereza aliyekulia Njoro, Kenya, aliivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi mwezi Septemba 1936. Tunamtaja kwa sababu huulizwa sana. Njia yake na ya Bessie hazifanani: Markham hakuwahi kukataliwa na shule kwa rangi yake.

## Kwa wazazi na wanafunzi wa huku

20. Binti yangu anataka kuwa rubani. Aanzie wapi?

Aanze na hesabu, fizikia, jiografia na Kiingereza. Kiingereza kinapimwa rasmi kwa marubani, kwa kuwa ndiyo lugha ya mawasiliano na mnara katika safari za kimataifa. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani binafsi inahitaji umri wa miaka 17 na angalau saa 40 za kuruka. Leseni ya biashara, ile ya kuajiriwa, ni miaka 18 na saa nyingi zaidi: 200 kwa njia ya kawaida, au 150 kwa kozi iliyounganishwa. Hapa nchini leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA.

Kabla hujalipa chuo chochote ada, cha ndani au cha nje, uliza TCAA kama kinatambuliwa. Na afanyiwe kwanza uchunguzi wa afya wa marubani. Ni uchungu kuuza kiwanja kwa ajili ya ada kisha kuambiwa moyo au masikio hayaruhusu.

Jambo moja la huku kwetu: Bessie alijifunza usawa wa bahari. Uwanja wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu yake, hewa ni nyepesi, na jua likipanda inakuwa nyepesi zaidi, hivyo ndege hula njia ndefu kabla ya kunyanyuka. Mwanafunzi anayeelewa hilo kwenye daftari la fizikia amekwisha kuanza urubani.

21. Anavaa miwani. Basi ameshakosa?

Hapana. Miwani inaruhusiwa mradi akiivaa aone kwa kiwango kinachotakiwa. Daktari wa marubani ndiye atakayesema, na asisikilize wa mtaani.

22. Ada hatuiwezi. Kuna haja ya kumpa mtoto matumaini?

Mama mmoja alituuliza hivi huko Moshi huku binti yake akiwa amesimama pembeni, na tulimjibu mbele ya wote wawili. Ada ya urubani ni kubwa, na hatutamwambia mzazi kuwa nia peke yake inailipa. Ila kuna milango mingine ya kuingilia. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kinafundisha ufundi wa matengenezo ya ndege, na TCAA wana chuo kinachofundisha waongozaji wa ndege. Kazi hizo zina heshima na mshahara wake, na wapo duniani waliozitumia kujilipia urubani baadaye, kwa mpangilio ule ule wa swali la 8. Robinson na Coffey wenyewe walianza wakiwa mafundi wa magari.

## Maswali ya pembeni

23. Nimeona sehemu imeandikwa alizaliwa 1896. Ipi sahihi?

Ni 1892. Leseni yake ya Ufaransa ndiyo iliyoandikwa 1896, kwa kuwa alijipunguzia miaka, na vitabu vingi vikanakili kutoka hapo.

24. Ni kweli picha yake ilikwenda anga za juu?

Ndiyo. Septemba 1992 Mae Jemison, mwanamke wa kwanza mweusi kwenda anga za juu, aliibeba ndani ya chombo cha Endeavour. Huko Marekani Bessie pia yuko kwenye stempu ya mwaka 1995 na sarafu ya robo dola ya mwaka 2023, na barabara iliyoko uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago, ina jina lake.

25. Tunaweza kutumia picha zake ukutani darasani?

Mnaweza. Picha zilizochapishwa wakati wa uhai wake zimeshatoka kwenye hakimiliki huko Marekani, na ile ya leseni, akiwa na kofia ya ngozi, hutoka vizuri hata kwa mashine ya kawaida ya stesheneri. Chini yake andikeni jina kamili, Bessie Coleman, na tarehe 15 Juni 1921. Mkiwa na nafasi, bandikeni pembeni picha ya Willa Brown na ya Lotfia El Nadi.